Antibayotiki kwa nguruwe: kinachobadilika utumboni, na kinachobaki kwenye tezi

#1 UtumboNaTezi

Wakuu, habari za leo.

Nguruwe akiharisha huku kwetu Mwanza, kuanzia Kisesa hadi Buhongwa na kuvuka maji hadi Sengerema, kinachofuata ni kilekile: pakiti ya unga wa OTC, yaani oksitetrasaiklini, inamwagwa kwenye ndoo na banda zima linakunywa. Nafungua uzi huu tuifuatilie dawa hiyo inapita wapi ndani ya mnyama, kwa sababu utumbo na tezi zake haviipokei sawa.

Nianze na tezi, maana wengi wanazijua kwa macho tu. Ukitandaza matumbo ya nguruwe mezani, kwenye utando unaoyashikilia utaona vitezi vimejipanga kama shanga, rangi ya kijivu yenye wekundu kidogo. Ni ndugu wa mtoki unaovimba kinenani mtu akiwa na kidonda mguuni. Kazi yake ni kuchuja maji ya limfu yanayotoka utumboni. Mwishoni mwa utumbo mwembamba kuna baka refu la kinga, liitwalo baka la Peyer, ambalo kwa nguruwe mdogo linaweza kupita urefu wa mita moja. Juu yake zipo seli zinazochota vijidudu kutoka ndani ya utumbo na kuvikabidhi kwa seli za ulinzi. Hizo huvibeba, vingine vikiwa hai, hadi kwenye tezi. Tezi ndiyo lango la mwisho kabla ya damu. Kwa hiyo kukuta bakteria wachache kwenye tezi ya nguruwe mwenye afya si ajabu. La kuuliza ni bakteria gani.

Utumbo mpana ni mji. Gramu moja ya kinyesi ina bakteria kati ya bilioni 10 na 100, wengi wao hawavumilii oksijeni. Hawa, wakina prevotela, bakteroidi na klostridi wasio na sumu, huvunja nyuzi za pumba na kutoa asidi: asetiki, propioniki na butiriki. Butiriki ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Seli zikiila hutumia oksijeni nyingi, hivyo oksijeni haivuji kuingia ndani. E. koli na salmonela, ambao hushamiri oksijeni ikiwepo, wanabaki wachache na wenye njaa.

Sasa mwaga OTC mdomoni. Kwa nguruwe, chini ya asilimia 10 ya dozi ndiyo huingia damuni. Inayobaki inasafiri na chakula hadi utumbo mpana, inaua wale wavunja nyuzi, na inatoka na kinyesi. Butiriki inashuka, oksijeni inavuja, chakula kinabaki bila mlaji. E. koli mwenye usugu anakuta nyumba tupu yenye akiba. Wakati huohuo salmonela aliyejificha ndani ya seli za tezi hajaguswa, kwa sababu dawa iliyofika huko kupitia damu ni kidogo mno.

Kwa hiyo dawa ya mdomoni inawapiga walinzi wa utumbo na kumwacha mvamizi wa tezi. Karibuni.

#2 Mfugaji_Nyashishi

Ahsante mkuu kwa uzi. Mbona basi watoto waliotoka kuachishwa kunyonya wakipewa OTC, kuhara kunakata siku ya pili au ya tatu? Halafu wiki inayofuata kunarudi kukiwa na nguvu zaidi.

#3 UtumboNaTezi

Mkuu, hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa.

La kwanza, kuhara kwingi kwa baada ya kuachisha hukata kwenyewe kwa walionusurika. Maziwa ya mama yamekatika ghafla, kinga iliyokuwa ndani ya maziwa imekatika nayo, chakula kigumu chenye protini nyingi kimeingia kwenye utumbo ambao bado hautoi asidi ya kutosha tumboni. E. koli mwenye vishikizo vya F4 au F18 anajibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kumwaga sumu inayovuta maji. Mtoto anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi. Aliyekunywa maji ya kutosha anapona, na sifa inapewa pakiti.

La pili, dawa ikiua hata E. koli wenyewe, inaacha uwanja. Jambo hili linajulikana tangu 1954: panya wa maabara waliopewa streptomaisini mdomoni waliambukizwa salmonela kwa vijidudu visivyofika 10, wakati panya wasiopewa dawa walihitaji karibu 100,000. Kwa nguruwe wenyewe, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 uliwalisha kwa siku 14 mchanganyiko wa klorotetrasaiklini, salfa na penisilini. Kundi la bakteria ambamo E. koli yumo lilipanda hadi asilimia 11 ya bakteria wote wa kinyesi, ilhali kwa wasiopewa dawa lilikuwa karibu asilimia 1. Jeni za usugu ziliongezeka pia, zikiwemo za dawa za jamii ya streptomaisini ambazo hazikuwemo kwenye chakula hicho. Jeni hizi hukaa pamoja kwenye vipande vya kuhamahama vinavyoitwa plasmidi, kwa hiyo ukichagua mmoja unawabeba na jirani zake.

Wiki ya pili inayorudi na nguvu ni huo uwanja ulioachwa wazi.

#4 Chakula_cha_Mifugo_Mwz

Naongezea upande wa chakula, kwa kuwa hapa kanda ya ziwa tuna jambo letu.

Oksitetrasaiklini hushikana na kalsiamu, magnesiamu na chuma. Chakula chetu kina dagaa wa kusagwa na mifupa yake yote, mapanki, chokaa, na mara nyingi unga wa mifupa. Ukichanganya OTC humo, kile kidogo ambacho kingeingia damuni kinapungua tena. Anayeongeza dozi "kwa sababu haifanyi kazi" anaongeza tu kinachopita utumboni na kuishia kwenye samadi.

Kuna na ubaya mwingine wa dagaa. Wanaoanikwa mchangani, iwe Igombe au visiwani, wanakanyagwa, wananyewa na ndege, wanalambwa na mbwa. Salmonela huvumilia ukavu kwa miezi. Kwa hiyo mtu anampa mtoto dawa inayoondoa walinzi wa utumbo, na jioni ileile anamletea salmonela kwenye kisado. Nunua dagaa wa kwenye vichanja. Kama ni wa mchangani, wachemshe. Joto la majimaji la nyuzi 70 na zaidi kwa dakika kadhaa linatosha. Usitegemee kukaanga wakiwa wakavu, maana kijidudu kikavu hustahimili joto kuliko kilicholowa.

Na mashudu ya pamba, ambayo huku ni rahisi kupatikana: gosipoli iliyomo huumiza moyo na ini la nguruwe, na watoto waliotoka kuachishwa wasipewe kabisa. Kuhara na kudhoofika kwa chakula kibaya hakuponi kwa antibayotiki yoyote.

#5 Mkaguzi_wa_Nyama

Nashukuru kuona mtu anazungumzia tezi. Huwa zinasahaulika.

Kwa wanaochinja: tezi ya kuangalia kwanza ni zile zilizo pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana. Hapo ndipo salmonela hupatikana zaidi, pamoja na kwenye tonsili. Tezi ya kawaida inateleza kidoleni, ngumu kiasi, na ukiikata uso wake una rangi moja, umelowa kidogo. Tezi iliyofanya kazi sana inavimba, inalowa, kingo zinakuwa nyekundu. Ukikuta vidonge vidogo vya njano vinavyomomonyoka kama jibini, fikiria kifua kikuu cha ndege, ambacho nguruwe hukipata kwenye kinyesi cha ndege, maranda na maji machafu. OTC haikigusi hicho, hata ukichoma mwezi mzima.

Tezi za tumbo zilizo nyeusi au nyekundu ya damu iliyoganda, kila moja kama donge la damu, pamoja na bandama kubwa jeusi: simamisha kisu. Hiyo ni dalili ya homa ya nguruwe ya Afrika hadi maabara iseme vinginevyo. Ni kirusi, kilielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hakina dawa. Kila sindano ya antibayotiki inayopigwa kwenye banda lenye homa hiyo ni sindano ileile inayohamisha damu kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Toa taarifa kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, usiuze nyama, usipeleke matumbo kwa mbwa.

Jambo jingine kwa wakaguzi wenzangu: kupasua tezi za matumbo kwa kila mzoga kuna gharama. Kisu kilichopita kwenye tezi yenye salmonela kinaipaka nyama inayofuata. Umoja wa Ulaya ulibadili kanuni 2014, ukaguzi wa kawaida wa nguruwe ukawa wa kutazama bila kupasua, sababu ikiwa hiyo. Sisi bado tuna sababu za kupasua pale kifua kikuu kinaposhukiwa. Ukipasua, kuwa na visu viwili, kimoja kikiwa ndani ya maji ya nyuzi 82 wakati kingine kinafanya kazi.

#6 Kitimoto_Mkolani

Wakuu, kwa hoja hizo, si bora kuwapa wote dawa wiki moja kabla ya kuchinja ili tezi ziwe safi? Yaani badala ya kupigana na kisu, tunaua kabla.

#7 Maabara_Ziwa

Hapana ndugu, na naomba nieleze kwa nini, maana wazo hilo linawajia wengi.

Salmonela kwenye tezi haogelei. Yumo ndani ya makrofaji, seli ileile iliyommeza ili imuue. Penisilini huingia kidogo sana ndani ya seli. Streptomaisini na gentamaisini nazo hupita kwa shida. Kolistini na neomaisini zikipewa mdomoni hazitoki hata utumboni. Zinazoingia ndani ya seli ni jamii ya tetrasaiklini, makrolidi kama tailosini, na enrofloksasini. Kati ya hizo, tailosini haina nguvu kwa salmonela. Tetrasaiklini humzuia asikue bila kumwua, na salmonela wengi wa nguruwe tayari ni sugu kwayo. Inabaki enrofloksasini, ambayo jamii yake ni dawa ya akiba kwa binadamu wenye homa ya matumbo na maambukizi mazito. Kuipoteza kwa ajili ya kusafisha tezi za wanyama wasioumwa ni kosa kubwa.

Pili, muda wa kusubiri. OTC ya muda mrefu nyingi zinaandikwa siku 28 kabla ya kuchinja. Soma lebo ya chupa yako. Wiki moja ina maana mlaji anakula dawa.

Tatu, na hili wengi hawalijui: nguruwe safi akiingizwa kwenye banda la kusubiria machinjio lenye kinyesi cha wengine, salmonela anaweza kupatikana kwenye tezi zake ndani ya saa 2 hadi 3. Kumbuka ile hesabu ya panya hapo juu. Nguruwe aliyetoka kupewa dawa ana walinzi wachache, kachoka na safari, hajala. Umemwandaa aambukizwe. Sakafu iliyooshwa, ikakauka, na kutochanganya wanyama wa mabanda tofauti vinafanya kazi kuliko sindano.

#8 Mkaguzi_wa_Nyama

Naunga mkono. Ongeza na hili: chakula kisimame saa 12 hadi 18 kabla ya kuchinja, maji yaendelee. Utumbo uliojaa hupasuka wakati wa kuutoa. Funga mkundu kwa kamba na koromeo pia kabla ya kuvuta matumbo. Hiyo peke yake inaokoa nyama nyingi.

#9 Mfugaji_Nyashishi

Tumeelewa mwilini kinatokea nini. Sasa asubuhi mtu kaingia bandani, kakuta watoto wanaharisha. Afanye nini, kwa mpangilio?

#10 Bwana_Mifugo_Misungwi

Chukua kipimajoto kabla ya bomba la sindano. Joto la kawaida la nguruwe ni kati ya 38.7 na 39.8. Mwenye kuhara kwa maji, joto la kawaida au la chini, macho yameingia ndani: huyo ana uwezekano mkubwa wa E. koli wa sumu, na anachohitaji kwanza ni maji. Mwenye 40.5 na kuendelea, kinyesi cha njano chenye utando au damu, masikio yanabadilika rangi ya zambarau: huyo kijidudu kimeingia ndani, huenda kwenye tezi na damu, na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Joto la 41 kwa wakubwa na wadogo kwa pamoja na vifo vya haraka, rudi kwenye alichosema mkaguzi kuhusu homa ya nguruwe.

Umri nao unasema. Watoto wa siku 7 hadi 14 wenye kinyesi cha njano kama uji, wasiopona kwa dawa yoyote: mara nyingi ni koksidia, ambayo si bakteria. Tiba yake ni toltrazurili, miligramu 20 kwa kilo, mara moja mdomoni. Wanaokua wenye kuhara kwa damu na makamasi wanaweza kuwa na minyoo ya mjeledi, na kwa minyoo hiyo ivermektini haitoshi.

Maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Weka kwenye sinia pana lisilo na kina, badilisha kila baada ya saa chache, na maji ya kawaida yawepo pembeni. Chumvi ikizidi na maji safi yakikosekana, nguruwe hupata kifafa cha chumvi na kufa. Sahani ya chakula ipunguzwe nusu kwa siku mbili, isiondolewe kabisa, kwa sababu bakteria wazuri nao wanakula humo. Joto la kulalia: nyasi kavu, upepo wa ziwa usiingie usiku.

Ikithibitika dawa inahitajika, mchome mgonjwa, usiwanyweshe wote. Mgonjwa ndiye anayekunywa kidogo kuliko wengine, hivyo kwenye ndoo ya pamoja dozi kubwa inakwenda kwa mzima na dozi ndogo kwa mgonjwa. Ndiyo njia ya haraka ya kulea usugu. Sindano nayo hufika utumboni, kwa kuwa OTC hupitia kwenye nyongo, ila kiasi ni kidogo na inawagusa wagonjwa tu.

Uzito usikisie. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka kati ya masikio hadi mwanzo wa mkia, vyote kwa mita. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69.3, unapata kilo. Kifua 0.95 na urefu 1.00 ni kama kilo 62. Watu wengi wangesema huyo ana 45.

OTC ya asilimia 20 ya muda mrefu: miligramu 20 kwa kilo, yaani mililita 1 kwa kilo 10, mara moja. Huyo wa kilo 62 anapata 6.2, igawanye pande mbili za shingo, nyuma ya sikio, ndani ya msuli. OTC ya asilimia 10: mililita 1 kwa kilo 10 pia, lakini kila siku kwa siku 3 hadi 5. Hapa ndipo watu huharibu: wanachoma ya asilimia 10 mara moja na kusubiri, au ya muda mrefu kila siku. Usichome pajani, ndiyo nyama ya bei. Sindano namba 18 kwa mkubwa, 20 au 21 fupi kwa mtoto, na moja kwa kila mnyama.

#11 Duka_la_Dawa_Igoma

Daktari umesema vizuri. Kwa upande wa duka naomba niseme mawili.

Wateja wanaoomba kolistini kwa ajili ya watoto wanaoharisha wanaongezeka, kwa sababu "inakata haraka". Jeni ya usugu wake inayohama kwa plasmidi, mcr-1, ilitangazwa Novemba 2015 kutoka China, na ilionekana kwanza kwenye E. koli wa nguruwe. Kolistini ni dawa ya mwisho kwa mgonjwa wa binadamu aliye wodi ya mahututi. China yenyewe iliiondoa kwenye chakula cha kukuzia mifugo 2017. Sioni sababu ya sisi kuianza.

Tiamulini ni dawa nzuri ya kuhara damu kwa nguruwe, lakini ikikutana na monensini au salinomaisini inaua. Hizo zimo kwenye baadhi ya vyakula vya kuku vya kuzuia koksidia. Anayelisha nguruwe mabaki ya chakula cha kuku aseme kabla ya kununua. Muuzaji naye aulize.

#12 Kitimoto_Mkolani

Nimeelewa kuhusu kuchinja, ahsanteni. Swali jingine: mtu akitaka kujua dawa gani inafaa bandani kwake, sampuli inachukuliwaje? Na kuna wanaosema tupime DNA za tezi tujue kila kilichomo.

#13 Maabara_Ziwa

Kinyesi: chukua kabla ya dawa. Ukichukua siku ya tatu ya OTC, maabara itakuonyesha walionusurika tu. Pamba ya kuchukulia sampuli iingizwe kwenye mkundu, izungushwe, irudi na kinyesi kinachoonekana, iwekwe kwenye chupa ya kusafirishia yenye jeli ya Cary-Blair au Amies. Chagua watano walioanza kuharisha leo, wasiwe waliodhoofika wiki nzima. Kwenye kisanduku cha barafu, nyuzi 2 hadi 8, ifike ndani ya saa 24. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa Mwanza, kwa hiyo kutoka Magu au Misungwi ni safari ya asubuhi moja.

Tezi: ichukuliwe dakika za mwanzo baada ya matumbo kutoka, kabla hayajamwagiwa maji. Kata gramu 25 za tezi za pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, ondoa mafuta. Uso wake una bakteria wa kisu na wa meza, kwa hiyo itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, au ipitishe kwenye spiriti na kuiwasha, kisha ndiyo isagwe. Bila hatua hiyo unapima usafi wa machinjio na kuuita ugonjwa wa nguruwe. Gramu 25 zinaingia kwenye mililita 225 za maji ya peptoni, nyuzi 37 kwa saa 18. Kisha kwenye mchuzi wa kuchagua salmonela kwa nyuzi 41.5, kisha sahani ya kuoteshea ya XLD. Makundi mekundu yenye kiini cheusi yanafuatiliwa. Ndipo vidonge vya karatasi vyenye dawa vinawekwa kwenye sahani ya agari ya Mueller-Hinton kuona kipi kinamzuia. Hesabu siku nne hadi tano, usipige simu kesho yake.

Kuhusu DNA, naomba tuwe waangalifu sana. Kwenye kinyesi kipimo cha jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na hutumika kumtambua, kinafanya kazi vizuri, bakteria ni wengi mno. Kwenye tezi ni wachache, na DNA ya bakteria iliyomo kwenye kemikali za maabara zenyewe inaweza kuzidi ya tezi. Kila mara iwepo chupa tupu inayopita hatua zote, na ikitoa majina yaleyale yaliyotoka kwenye tezi, matokeo hayo yatupwe. Zaidi ya hapo, DNA haisemi kijidudu ki hai. Seli za ulinzi hubeba maiti za bakteria hadi kwenye tezi kila siku, ndiyo kazi yao. Nguruwe aliyepewa dawa anaweza kuonyesha majina mengi zaidi kwenye tezi kwa sababu tu maiti zimeongezeka utumboni. Ndiyo maana kuotesha bado hakujapitwa na wakati.

Na tusidhani usugu uko mbali. Utafiti wa hapa Mwanza uliochapishwa 2016 ulikuta zaidi ya mnyama 1 kati ya 5 waliopimwa, wakiwemo mbwa na nguruwe, akibeba E. koli wa ESBL, wanaovunja hata dawa za jamii ya seftriaksoni.

#14 Mfugaji_Nyashishi

Hilo la mwisho limenishtua. Utumbo ukishaharibiwa na dawa, unarudije? Na kwa muda gani?

#15 Chakula_cha_Mifugo_Mwz

Sura ya jumla ya bakteria hurudi kwa wiki kadhaa baada ya dawa kuisha. Jeni za usugu hukaa muda mrefu zaidi. Mnyama anaonekana mzima na anaendelea kumwaga.

Kinachosaidia ni kuwarudishia wavunja nyuzi chakula chao na kuongeza asidi tumboni. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, pumba iliyochachushwa ndiyo ninayoiamini. Pumba ya mahindi kilo 10, maji safi lita 25, ndoo yenye kifuniko, kivulini, saa 24 hadi 48. Inatakiwa inukie kama togwa, na karatasi ya kupima asidi ionyeshe pH chini ya 4.5; hapo salmonela na E. koli hupungua sana. Unapotoa, bakiza sehemu moja kati ya tano kama chachu ya ndoo inayofuata, na ya pili itachachuka haraka kuliko ya kwanza. Ikitoa povu jingi na harufu ya pombe, hamira imeshinda. Mwaga yote, osha kwa maji ya moto, anza upya. Dagaa, chokaa na laisini (kirutubisho cha protini) vichanganywe wakati wa kulisha tu. Laisini ya kununua ikiwekwa kwenye ndoo inaliwa na bakteria kabla nguruwe hajaiona, na chokaa hula asidi uliyoitafuta. Watoto waanze na robo ya mlo, waongezwe kwa wiki mbili.

Kuachisha nako: wasiachishwe, wasihamishwe, wasihasiwe na wasibadilishiwe chakula siku moja. Mwondoe mama, wao wabaki kwenye banda lao.

#16 Bwana_Mifugo_Misungwi

Na samadi ya wiki za tiba isiende kwenye bustani ya mchicha wala isioshwe kuelekea mtaroni. Kwa walio mjini, mtaro huo unaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani ambako maji ya kunyweshea yanachotwa. Irundike peke yake, changanya na maranda au majani makavu, igeuzwe kila wiki ili katikati ifike nyuzi 55 na kila upande upate zamu ya kuwa katikati. Joto hilo huua vimelea wengi na kuvunja sehemu ya oksitetrasaiklini.

#17 Kitimoto_Mkolani

Swali la mwisho kwa mtu wa maabara. Barafu ya kwenye kisanduku, ile ya kugandisha samaki inafaa?

#18 Maabara_Ziwa

Inafaa, ila ifungwe kwenye mfuko wake na kitambaa kikae katikati. Sampuli ya kinyesi ikiganda, sehemu ya bakteria hufa na matokeo hupotoka. Ile barafu ya mwaloni mara nyingi ina maji ya samaki, kwa hiyo mfuko uwe mzima, na chupa ziandikwe kwa kalamu isiyofutika: namba ya mnyama, umri, dawa aliyopewa na tarehe ya mwisho ya dawa. Hiyo ya mwisho ndiyo huwa inasahaulika, na bila hiyo hatujui tusome vipi tulichokiotesha.